Jumamosi Tuliyoposa Nyumba Isiyo Yetu

Tangu turudi, kila ninayekutana naye koridoni ananiuliza swali lilelile huku akicheka kabla sijajibu: "Salma, eti ni kweli mlikula chakula cha posa ya watu?" Wengine mmesimuliwa na Deo, na Deo mwenyewe hakuwepo, alikuwa kwa fundi. Kwa hiyo naandika mara moja, msome wote, kisha mniache nifanye kazi.

Tulikuwa wanne. Ayubu mnamfahamu, yule Msukuma wa masijala anayecheka kwa mabega bila kutoa sauti. Deo ndiye mwenye gari, na gari lake analipangusa vumbi mara nyingi kuliko anavyopangusa viatu vyake. Baba Tumaini ni Mhehe anayekaribia kustaafu, mwalimu wa kwaya kanisani kwao, mtu ambaye hata kuomba chumvi mezani huanza na utangulizi. Na mimi, mtu wa Tanga, niliingizwa kwenye msafara kwa sababu moja tu: ukimtoa Ayubu, ni mimi peke yangu niliyemjua binti kwa sura. Yunisi alipanga chumba jirani na changu Dodoma kabla hajahamishiwa shule ya msingi huko kwao Kibakwe.

Ayubu ndiye aliyekuwa anaposa. Baba yake alishafariki, ndugu zake wako Shinyanga, na mjomba aliyetakiwa kuwa mshenga aliugua wiki ileile. Kuahirisha haikuwezekana, na hapa naomba msome polepole. Mwaka jana kuna mwanaume mwingine aliyeahidi kutuma washenga kwa baba yake Yunisi. Mzee akafunga turubai, akaita ukoo, akachinja. Hakuja mtu. Hata salamu ya kuomba radhi haikuja. Mzee Ndahani alisimama nje ya nyumba yake mpaka majirani walipoanza kuondoka mmoja mmoja, tena kwa kunyata, wakimwonea haya. Safari hii alimwambia binti yake kwamba atafunga turubai mara nyingine moja, Jumamosi mchana, na aibu ile ikimkuta tena, habari za Ayubu zisitajwe nyumbani kwake. Basi Baba Tumaini akajitolea kuwa mshenga, mimi nikawa mama wa msafara, na Deo akakubali kutoa gari baada ya kubembelezwa kama bibi harusi.

Makutupora: kwenda kusini kwa kuanzia kaskazini

Kibakwe iko kusini ya Dodoma. Sisi Ijumaa tulianza kwa kwenda kaskazini. Baba Tumaini alishaamua kwamba ukweni hatuingii mikono mitupu, na kwamba sukari na majani ya chai hupelekwa na kila mtu.

"Sisi tunatoka Dodoma," alisema. "Dodoma ina nini? Ina Bunge na zabibu. Bunge haliingii kwenye gari la Deo."

Makutupora walikuwa kwenye mavuno. Tulifika kwenye shamba la mama mmoja mcheshi mwenye mkasi wa kukatia vichala mkononi, na badala ya kutuuzia kreti moja tuondoke, alitaka tuonje kila mstari ili tujue tunachonunua. Mimi nilionja kwa adabu. Ayubu hakuonja kabisa, alikuwa amekaa kwenye kivuli cha gari akitazama simu yake kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Deo alionja kwa bidii. Alionja nyeusi, akaonja nyeupe, akarudi kwenye nyeusi kuhakikisha. Yule mama alimtazama akasema, "Baba, hizo ambazo hazijaiva vizuri zitakusumbua." Deo akamjibu kwamba tumbo lake limezoea. Kumbukeni jibu hilo mnapomsikia akisema kwamba safari ilichelewa kwa sababu ya Baba Tumaini.

Dodoma hadi Mtera

Tulipita tena mjini, tukashika barabara ya Iringa. Baba Tumaini aliketi mbele, koti lake limetundikwa dirishani lisikunjamane, akirudia hotuba yake ya posa kwa sauti ya chini. Ilikuwa na beti, nadhani. Kila alipofika katikati alisimamisha mazungumzo yetu kutuuliza kama sehemu fulani inagusa moyo. Ayubu alisema yote inagusa, akamsihi aifupishe. Baba Tumaini akaongeza.

Mtera tulifika jua likiwa bado juu. Ukishaziona nyavu zimeanikwa na kunusa mafuta ya kukaangia, huna haja ya kuuliza chakula kiko wapi. Tuliketi kwenye kibanda cha mama mmoja wa Kigogo, akatuletea perege waliokaangwa wakakauka mpaka mapezi yanatafunika, ugali na kachumbari. Mambo yalikuwa mazuri mpaka Baba Tumaini alipomwambia kwamba hata kwao Iringa samaki wa Mtera wanasifiwa.

"Wewe ni Mhehe?" mama akauliza.

"Mhehe halisi."

Yule mama aliweka kijiko chini, akageukia nyuma ya kibanda akapaza sauti, "Nyie, mfungieni Simba ndani! Kuna Mhehe hapa!" Simba ni mbwa wake, na watani husema Wahehe wanakula mbwa. Kibanda kizima kikaangua kicheko. Kisha akaja akamvua Baba Tumaini kofia yake ya pama, akaivaa yeye, akaendelea kukaanga samaki. Wasioujua utani wa Wagogo na Wahehe wangedhani vita imeanza. Deo, ambaye kwao Bukoba hakuna mambo hayo, alisimama kabisa kutetea kofia, ikabidi nimvute shati aketi. Mtani akikuchukulia kitu huruhusiwi kununa, unakomboa. Baba Tumaini alikomboa kofia yake kwa kuimba mapambio mawili, na mama akapata wateja wapya watatu waliovutwa na sauti. Alitufungashia kambale wakavu kwenye gazeti, wa kuongeza kwenye zawadi yetu. Harufu ya wale kambale tulisafiri nayo kesho yake kutwa.

Tulilala hapohapo Mtera, kwenye nyumba ya wageni yenye vitanda vinavyolia. Ayubu sidhani kama alilala.

Mtera hadi Kibakwe kupitia Chipogoro

Asubuhi tulirudi nyuma mpaka Chipogoro, tukakata kulia kwenye barabara ya vumbi. Hapo tumbo la Deo lilianza kutoa ushahidi wake. Alisimamisha gari mara ya kwanza, akaingia porini. Akasimamisha tena. Sasa, mnaijua nchi hii wakati wa kiangazi: vichaka vyote vimepukutika majani, na mtu akichuchumaa unamwona vizuri kutoka barabarani. Kila aliposhuka, mimi nilitazama upande wa pili na kusoma dua, na Ayubu alitazama saa.

Tulipofika kwenye korongo kubwa la mchanga, Deo aliamua kulivuka kwa kasi ili kufidia muda. Gari likafika katikati likazama. Upande wa juu wa korongo kulikuwa na mzee mmoja na vijana wake wakinywesha ng'ombe kwenye visima vilivyochimbwa mchangani. Deo alitoa kichwa dirishani.

"Mzee! Hebu tupeni nguvu hapa, tuna haraka!"

Mzee alimtazama, akainama, akaendelea kuchota maji. Deo akaita tena. Mzee akachota tena. Ayubu akafungua mlango, akatembea kwenye mchanga mpaka kwa mzee, akainamisha kichwa, akamsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa."

"Mbukwa," mzee akaitika, na uso ukafunguka. Wakaulizana habari za nyumbani, za watoto, za malisho, za huko Usukumani kama mvua ilikuwa nzuri. Ayubu alikuwa anaungua ndani kwa haraka, nilimwona vidole vikimcheza nyuma ya mgongo, lakini hakuruka hata swali moja. Walipomaliza, mzee aliwapigia vijana wake mluzi, na gari likatoka mchangani kabla Deo hajamaliza kutoa maelekezo.

"Mnakwenda wapi?" mzee akauliza.

"Huko mbele," akajibu Baba Tumaini kwa siri kubwa.

"Mnakwenda kuposa," mzee akasema. "Watu waliovaa koti kwenye jua hili hawaendi kulima."

Baba Tumaini hakufurahi. Tuliporudi kwenye gari akatupa somo: mshenga hatangazi shida yake njiani. Jina la binti halitembezwi barabarani, la baba yake vilevile, mpaka uwe umeketi ndani na umeulizwa. Ndivyo wazee wake walivyofanya, naye ndivyo atakavyofanya. Na simu zote za washenga zizimwe tukikaribia. Tulikubali wote. Hata mimi nilikubali, msinicheke.

Kutoka kwenye mchanga gari lilipata mlio mpya, maana ekzosi ilikatika. Tuliingia Kibakwe tukisikika kabla ya kuonekana, jua likiwa limeshapita utosini.

Kibakwe, nyumba ya kwanza

Deo alipeleka gari kwa fundi wa kuchomelea. Ayubu akabaki naye, kwa sababu mposaji haonekani siku ya posa, huo ndio utaratibu. Alituelekeza: nyumba ya bati karibu na kanisa, mtaona turubai. Tukapanda bodaboda mbili, mimi na kreti la zabibu, Baba Tumaini na kambale wake. Mwendesha bodaboda akauliza tunakwenda kwa nani. Mimi nilishafungua mdomo. Baba Tumaini akaniwahi.

"Tupeleke kwenye nyumba yenye ugeni leo."

"Yenye turubai?"

"Hiyohiyo."

Akatupeleka. Kulikuwa na kanisa, kulikuwa na bati, kulikuwa na turubai la bluu, na chini yake watu waliovaa vizuri walioinuka wote tulipoingia. Mwenye nyumba, mzee mnene mwenye tabasamu, alitupokea kwa mikono miwili. "Tuliwasubiri mpaka tukaanza kuwa na wasiwasi," alisema. "Njia ilikuwaje?" Baba Tumaini akasema njia ilikuwa mbaya. "Tunajua, tunajua," wakaitikia wazee. Mimi moyoni nikasema, alhamdulillah, mzee hana kinyongo hata kidogo.

Kisha mzee aliniona nimejitanda mtandio, akaita jikoni: kuku bado hawajachinjwa? Basi wapelekwe kwa jirani Mwislamu akawachinje yeye, tusimpe mgeni wetu tabu. Kuku wakasafirishwa, wakachinjwa, wakarudishwa, wakapikwa. Kwa wema wa mzee yule tulichelewa zaidi kuliko kwa tumbo la Deo na mchanga wa korongo vikijumlishwa. Tulikula tukashiba. Zabibu zilipokelewa kwa shangwe, watoto wakapewa vichala, kambale wakaingizwa ndani.

Baada ya kunawa, Baba Tumaini akasimama, akatoa hotuba yake yote, na beti zake. Alisema tumetoka mbali, tumesikia sifa za nyumba hii, tuna kijana wetu mpole na mchapakazi anayetaka kuwa mtoto hapa. Hakutaja jina la mtu. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika, na mmoja alifuta jicho.

"Tumesikia," akasema mzee. "Sasa tumwite binti mwenyewe, tumuulize kama anawajua."

Shangazi wakatoa wasichana watatu waliofunikwa kitenge kimoja. Wawili wakarudishwa, kitenge kikafunuliwa kwa wa katikati. Alikuwa msichana mzuri, mfupi, mwenye vishimo mashavuni. Yunisi ni mrefu kuliko mimi.

"Binti yangu," mzee akasema, "wageni hawa unawajua?"

Yule msichana alitutazama, akainamisha macho. "Ndiyo, baba. Nawajua."

Jikoni vigelegele vikalipuka. Baba Tumaini akafumba macho akamshukuru Mungu. Nikamfinya. Akanipapasa mkono, akidhani nimeguswa. Nikamfinya tena, safari hii kwa kucha, nikasimama bila kuruhusiwa.

"Wazee wangu, mnisamehe. Binti ni mzuri sana. Lakini siye wetu."

Vigelegele vilichukua muda kuzimika, kwa sababu waliokuwa nyuma ya nyumba hawakusikia.

"Ninyi si ndio wa kutoka Mpwapwa?" mzee akauliza.

"Tumetoka Dodoma."

"Na wewe," akamgeukia binti yake, "si umesema unawajua?"

"Ndugu zake sijawahi kuwaona, baba," binti akasema huku machozi yanamlenga. "Shangazi aliniambia nikiulizwa niseme nawajua."

Hapo wazee walianza kucheka, na nadhani tungecheka wote mpaka jioni kama Baba Tumaini asingetamka jina alilolificha tangu asubuhi. "Sisi tulikuwa tunakwenda kwa Mzee Ndahani."

Kicheko kikakatika. Yule mzee, ambaye sasa tulimjua kuwa anaitwa Masaka, alinyoosha mkono kuelekea ng'ambo ya kanisa. Lilikuwepo turubai la pili, la kijani. Chini yake viti vilikuwa vitupu.

Nilimfikiria yule baba akisikia vigelegele vya posa vikipigwa kwa jirani yake.

"Twendeni," Mzee Masaka akasema, akivaa koti. "Mkienda peke yenu hatawasikiliza." Akaagiza kreti la zabibu lirudishwe, au kile kilichobaki, na wale kambale. Akalibeba kreti mwenyewe. Mlangoni tukapishana na gari lililojaa watu wenye suti na vumbi, washenga halisi wa kutoka Mpwapwa. Aliwaambia wakae, chakula kinapikwa. Nilisikia mtu jikoni akiguna.

Kibakwe, nyumba ya pili

Nyuma ya kanisa Baba Tumaini aliwasha simu yake, nami nikawasha yangu. Zote zikaanza kulia ujumbe juu ya ujumbe kutoka kwa Ayubu. Mlio wapi. Yunisi anasema hamjafika. Watu wanaondoka. Jamani mko hai?

Mzee Ndahani tulimkuta ameketi kwenye benchi chini ya turubai lake. Ni mtu mwembamba mwenye mashati mawili, moja juu ya jingine. Ukoo wake ulishatawanyika, amebaki mkewe mlangoni. Na pembeni yake kwenye benchi lilelile, mahali ambapo hakutakiwa kabisa kuwepo siku ile, alikuwa ameketi Ayubu. Viatu na suruali vilikuwa vumbi mpaka magotini.

Ayubu alipotuona tuko wazima, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Mzee Ndahani alichelewa kuitikia. "Marahaba."

Mzee Masaka akaweka kreti chini akaeleza yote: bodaboda, turubai, kuku waliochinjwa kwa jirani, hotuba ya mshenga wetu Mhehe. Alisema kosa ni lake, ndiye aliyewashika wageni wa mwenzake. Sisi tukasema kosa ni letu. Mzee Ndahani alisikiliza akitazama kanisani.

"Mmeshakula?" akauliza.

Hilo ndilo swali lililokuwa gumu kuliko yote ya safari. Baba Tumaini alinitazama mimi.

"Tumekula, baba," nikasema. "Tumekula kwake tukidhani tunakula kwako."

Akatikisa kichwa polepole. "Vigelegele nilivisikia," akasema. "Nikasema moyoni, mwenzangu amepata, mimi basi. Nikawaambia ndugu waende. Nikainuka nifungue kamba za turubai. Ndipo huyu akaja mbio, hawezi hata kusema. Akaniambia, baba, watu wangu nimewapoteza, naogopa wamepata ajali, lakini mimi nipo, usilifungue. Nikamwambia wewe hairuhusiwi kuonekana hapa leo. Akasema anajua. Akakaa."

Baba Tumaini alisafisha sauti, akaanza kuinuka na utangulizi wake. Mzee Ndahani akanyoosha kiganja.

"Kaa, Mhehe. Hotuba yako umeimalizia kwa jirani."

Nilimwona Mzee Masaka anageuka pembeni kuficha kicheko. Lakini Mzee Ndahani hakucheka. Akamwita binti yake.

Yunisi alitoka peke yake, bila kitenge, bila shangazi, maana shangazi walishaondoka. Macho yalikuwa yamevimba. Alinitazama mimi kwa jicho nililolistahili, akamtazama Baba Tumaini, kisha akatazama ile suruali yenye vumbi.

"Sikuulizi habari za hawa," baba yake akasema. "Hawa wenyewe hawajui wanakokwenda. Huyu hapa unamjua?"

"Namjua, baba."

"Ni mtu gani?"

Yunisi alifuta pua kwa kiganja kama mtoto. "Ni mtu anayekuja," akasema.

Mzee akainuka, akaenda mwenyewe mezani, akafunua sinia moja baada ya jingine. Ugali ulikuwa umekauka juu, na mlenda ulishaganda.

"Chakula kimepoa," akasema. "Hilo ni kosa lenu, si la mama yake. Mama Yunisi, leta maji."

Nilikuwa nimeshiba mpaka shingoni. Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mikono.